Kabla Hujashika Panga

Maneno haya niliyasema kwenye kikao cha mwisho wa mwezi cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Waliochelewa waliniomba niyaandike. Nimeondoa salamu za katikati na ule ubishi mdogo uliotokea kuhusu chai.

Mwenyekiti, mweka hazina na sanduku lako, akina mama, na akina baba wachache mliojitokeza. Wakubwa zangu, shikamooni. Nyie vijana mmeshaniamkia getini, msirudie, muda wenyewe mdogo.

Katibu aliponiambia niongee dakika 20 juu ya bustani ya nyumbani nilimuuliza, bustani ipi, ya mboga au ya maua? Akasema, "Yoyote, Mwalimu, ila usituletee tena habari za mchicha." Basi leo sikuleta mchicha. Nimeleta hilo dude mnaloliona mezani.

Limekuja na bodaboda, limekaa kati yangu na dereva kama abiria wa tatu. Tulisimama dukani tukalipima kwenye mzani wa mchele, likatoa kilo 11 na robo. Dereva akaniuliza kama ni tikiti la kienyeji. Mama mmoja hapa mlangoni ameniambia hilo ni boga lililoota vibaya. Litazameni vizuri: la kijani, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na lina matuta yanayotoka kwenye kikonyo hadi kitakoni. Aliyesema boga hakukosea sana. Huyu ni ndugu yake boga, na tango, na mung'unye, na dodoki. Ukoo mmoja.

Hili ni tunda la mkweme. Nani anaijua kweme, mbegu yake? Inueni mikono juu. Haya, karibu wote. Nani amewahi kuuona mkweme wenyewe, umepanda mtini? Watano. Sita, na babu kule nyuma. Sasa la tatu: nani amewahi kula kweme wakati nyumbani hakuna mtoto mchanga?

Mkono mmoja. Na huo ni wa mume wangu.

Hapo ndipo penye neno langu. Kweme tumeifanya dawa ya mzazi tukasahau kuwa ni chakula. Na mkweme tumeufanya mmea wa kununuliwa mbegu zake sokoni, tukasahau kuwa unaota nyumbani. Mwaka jana nilikuwa Dar es Salaam kwa mwanangu, nikapita Kariakoo kutafuta kweme za kuotesha. Kijana muuzaji akanichangamkia: "Bibi, hongera, mjukuu wa kike au wa kiume?" Nikamwambia hakuna mjukuu, nakwenda kuziotesha, zitakazobaki nile mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyemkuta bibi kizee ananywa maziwa ya chupa ya mtoto. Akaniongezea bei.

Mmea huu si mgeni. Wala haukuja na meli kama mahindi na mihogo. Kwao ni huku kwetu: Tanzania, visiwani Unguja na Pemba, na kaskazini mwa Msumbiji. Wazungu waliuita mmea wa mafuta wa Zanzibar. Jina lake la kitaalamu ni Telfairia pedata. Jina Telfairia lilitolewa na mtaalamu wa mimea Mwingereza, William Jackson Hooker, mwaka 1827, kwa heshima ya Charles Telfair, mtu wa Ireland aliyeishi Mauritius. Pedata ni kwa sababu ya jani lake, limegawanyika vipande vitano au saba kama unyayo wa ndege. Ajabu ni kwamba Telfair ana mmea kwa jina lake, na bibi zetu waliotunza mbegu mpaka zikamfikia hawana hata kichochoro. Lakini tuyaache hayo.

Una binamu yake Afrika Magharibi. Nigeria wanauita ugu, na Waigbo wanauotesha kwa ajili ya majani. Wanayachuma wakapika kama sisi tunavyochuma majani ya maboga. Wao wanataka majani, sisi tunataka mbegu. Wao mmea wao uko kila soko, majani yamefungwa mafungu mafungu. Wa kwetu mpaka mtu ajifungue.

Sasa tuingie shambani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Nilistaafu mwaka 2012. Mwaka uliofuata wifi yangu aliyeolewa Lushoto alinifungia kweme nane kwenye kipande cha gazeti. Akaniambia kitu kimoja tu: "Wahi kuzifukia, zisizeeke." Ni kweli. Kweme ya kula inakaa ndani ya ganda lake muda mrefu bila kuharibika. Kweme ya kuotesha haina subira. Ile iliyokaa dukani tangu mwaka juzi usiiamini, itaoza ardhini ikuache unamwagilia shimo tupu.

Nilichimba mashimo ya mkono mmoja kwenda chini na mkono mmoja upana, nikachanganya udongo wa juu na samadi ya ng'ombe iliyokwisha poa. Masika yalipoanza nikafukia. Mbili zilichimbuliwa na panya, ambao wanajua thamani ya mafuta kuliko sisi. Sita zikaota. Wiki za mwanzo mkweme unaleta uvivu, unatoa jani moja unapumzika. Halafu siku moja unaamka unaukuta umeshika fito. Una vikono vidogo vinavyojisokota kama nywele za mtoto, vikishika kitu haviachii. Ukishajua njia ya kwenda juu hauulizi tena. Mkweme uliokomaa unafika mita 20, hata 30. Na si mmea wa msimu mmoja kama boga. Ukiutunza unadumu miaka mingi, shina la chini linanenepa na kuwa gumu kama mti.

Mwaka wa pili nikaona maua. Wanangu, yale maua! Rangi ya zambarau iliyoingia pinki, na petali zake zimechanwachanwa ukingoni kama matamvua ya shali. Mikweme minne ilitoa maua kwa mashada, mengi mno, mpaka watu wanasimama njiani kutazama. Miwili haikutoa kitu. Nikasema hii minne ndiyo yenye baraka, hii miwili mizembe.

Nikangoja matunda. Maua ya ile minne yakadondoka yote, hata dalili ya tunda hakuna. Baadaye ile miwili mizembe ikatoa ua mojamoja, na nyuma ya kila ua pana kiuvimbe kidogo kama kiboga kichanga. Basi nikajua: hii minne ni midume. Nikaita kijana mwenye panga. Nikamwambia, kata yote minne, inakula samadi yangu bure. Mti usiozaa wa nini?

Naona wengine mnacheka. Mnajua mbele kuna nini.

Yale maua ya majike yakafunguka, moja leo, jingine keshokutwa. Makubwa, mazuri. Siku ya tatu linanyauka, kale kaboga kanageuka rangi ya njano, kanadondoka. Likafunguka jingine, likadondoka. Msimu mzima. Nikaongeza samadi, nikaweka majivu, nikamwagilia maji ya kuoshea vyombo. Jirani mmoja akaanza kunitajia majina ya watu wenye macho mabaya, nikamwambia aishie hapo hapo.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja aliyekuja kununua ndizi. Alitazama juu, akatazama visiki vinne, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu," akasema, "umewafukuza waume, halafu unauliza watoto wako wapi?"

Mimi! Miaka 30 nimefundisha sayansi darasa la sita, nimechora ua ubaoni, stameni huku na pistili huku. Boga linachanganya watu kwa sababu shina moja hubeba maua ya aina zote mbili, ya kiume na ya kike, linajitosheleza. Mkweme hauko hivyo. Shina ni dume, au shina ni jike. Fikirieni mpapai: kuna ule dume unaoning'iniza maua marefu bila tunda, na kuna jike. Au mtende, kwa waliowahi kuishi na tende. Mkweme nao vivyo hivyo. Mbegu ikiwa mkononi huwezi kujua. Mche ukiwa mdogo huwezi kujua. Mpaka utoe maua, na dume mara nyingi ndilo linalotangulia, ndiyo maana linakatwa la kwanza. Linajitokeza mapema, linapendeza, halizai. Sisi tunashika panga.

Bahati yangu, kisiki kimoja kilichipua tena. Mwaka uliofuata dume lile likachanua kidogo tu, mashada matatu hivi, na majike yangu mawili yakashika matunda saba. Saba! Kwa mashada matatu. Dume moja linatosha majike kumi na zaidi, tatizo ni pale linapokosekana kabisa.

Sasa tuhesabu pamoja. Wengi wenu viwanja vyenu ni hatua 20 kwa 30, ndani yake nyumba, choo, banda la kuku na gari la shemeji lisilotembea. Huwezi kuweka mikweme kumi humo. Unaweza kuweka mmoja. Sasa kama kila mtu ana mmoja, na kila mtu akiona ni dume anakata, wenye majike mtapata nini? Maua ya kupiga picha. Mdudu anayebeba chavua hajui mpaka wa kiwanja, wala hati hajaiona. Dume la kwa Mama Mchungaji linaweza kuzalisha jike la kwa jirani yake. Mkweme ni mmea wa mtaa. Huko kwetu mlimani Kilimanjaro, kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, mambo haya hayakuhitaji kikao, kwa sababu kihamba kimegusana na kihamba. Mkweme wa kaka unapanda mti, unavuka mfereji, unakuta wa shangazi. Hakuna aliyejua wala kuuliza lipi dume la nani.

Na ikiwa unataka uhakika wa jinsi, usitegemee mbegu. Mwenye jike linalozaa, mwombe akuinamishie tawi lililo karibu na ardhi, mlifukie pale kwenye kifundo, ncha ibaki nje, mweke jiwe juu. Likishatoa mizizi mnakata, unahama nalo. Mtoto wa jike kwa njia hiyo ni jike. Mimi nimefanya mara tatu, mara mbili imeshika, mara moja mbuzi alikula.

Jambo la pili ni mti. Mkweme hauwezi kusimama peke yake, lakini si kila mti unaweza kuubeba. Kihamba cha Mchagga kimejengwa kwa ghorofa: juu miti mikubwa, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na maharage. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, hapo juu ya Moshi, kuwa urithi wa kilimo wa dunia kwa ajili ya kilimo hicho hicho. Ndani ya ghorofa ile mkweme ulikuwa na chumba chake: mti mkubwa, mrefu, usio na haraka. Sasa miti ile imekatwa mbao. Watu wanauliza kwa nini kweme zimekuwa ghali. Mimi nadhani jibu liko kwenye paa zetu.

Mimi niliupandisha kwenye mparachichi. Kosa la pili. Mkweme haunyonyi mti, lakini unaufunika. Majani yake ni mengi kiasi kwamba mti uliobeba hauoni jua, na matunda ni mazito. Hesabuni kilo 11 mara saba, ziko zinaning'inia kwenye matawi ya parachichi. Mwaka wa nne mparachichi wangu ulikuwa mifupa. Nikajenga kichanja cha mianzi, kikaanguka mwaka huo huo. Sasa nimeuweka kwenye mti mkubwa wa kivuli uliopo mpakani, ambao hauniletei tunda nitakaloulilia. Shina nimelipanda hatua mbili kutoka kwenye mti, nikaliongoza kwa kamba.

Na msiuweke juu ya kitu mnachokipenda. Usiku mmoja wa upepo, Aprili, tulisikia kishindo nikadhani ni mwizi. Mume wangu akatoka na rungu. Tunda bichi limeshuka kutoka juu, limepasua bati la banda la kuku, limetua katikati ya tetea walioatamia. Mayai 14. Kuku mmoja hakutaga tena mpaka tulipomla.

Tunda lililokomaa lina adabu zaidi. Hulikwei. Unalingoja lenyewe, linapasuka kuanzia kitakoni likiwa bado linaning'inia, na mbegu zinaanza kudondoka. Asubuhi watoto wanaokota chini, kama wanavyookota maembe baada ya mvua. Hili nililoleta nimelikata mapema kwa ajili yenu, mlione likiwa zima. Nyama yake hailiwi, msije mkaiweka kwenye sufuria kwa kuwa nimesema ni ndugu wa boga. Chote tunachokitaka ni mbegu, na tunda kama hili linaweza kuwa na mbegu 60, hata zaidi ya 100. Unaziosha kuondoa utelezi, unazianika juani siku kadhaa, unazigeuza.

Katibu, nipe kile kisu kidogo. Nitafungua moja taratibu, walio nyuma sogeeni.

Hii ndiyo kweme. Bapa, mviringo, kubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda. Kwanza kuna huu wavu wa nyuzi, umevaa kama chandarua. Nyuzi hizi ni chungu, na ganda pia lina uchungu, ndiyo maana anayekamua mafuta bila kumenya vizuri anapata mafuta ya kukunja uso. Unaukwangua wavu, hivi. Sasa shika kweme kwa ukingo, isimame kwenye ubao. Tafuta mshono, kila kweme ina mshono pembeni kama chaza. Ncha ya kisu iingie hapo, usipige, zungusha tu mkono. Mmesikia? Ta! Imeachia. Ukizikaanga kidogo kwenye kikaango kikavu kabla ya kufungua, ganda linakuwa jepesi zaidi, kwa wenye mikono kama yangu.

Ndani kuna kiini, kimevaa utando mwembamba wa kijani. Utando unautoa kwa kucha. Halafu tazameni huku: kiini nakisugua kwenye karatasi ya ajenda. Samahani, Mwenyekiti. Naipandisha dirishani. Mnaona karatasi inavyopitisha mwanga? Hayo ni mafuta. Zaidi ya nusu ya uzito wa kiini hiki ni mafuta, na karibu robo ni protini. Kuna mtu humu ananunua protini ya unga kwenye kopo, simtaji, lakini ananifahamu.

Nani aonje? Njoo, mwanangu. Sema ukweli, usinionee haya.

Amesema korosho. Wengine husema lozi. Mimi nasema ni korosho iliyolelewa na mbegu za maboga. Ikikaangwa inanukia zaidi, na ukiitia chumvi kidogo utakula mpaka kidole kiguse bakuli.

Mapishi yangu ni ya kawaida. Menya viini 20, vitwange kwenye kinu mpaka vitoe mafuta vishikane. Hapo una kitu kama karanga zilizosagwa. Tia kwenye mtori wa ndizi dakika tano kabla ya kuepua, si mwanzoni. Tia kwenye uji wa ulezi. Ukichemsha mnavu ukamalizia kwa kweme, yule mtoto anayesema mboga ni majani ya mbuzi atarudisha sahani. Watoto wadogo wapewe iliyosagwa, si nzima, inapalia. Nimejaribu kashata pia. Ya kwanza tuliitema wote, kwa sababu nilikuwa na haraka vikaingia vipande vya ganda, uchungu ukaenea sufuria nzima. Ya pili mume wangu aliificha kabatini nyuma ya Biblia, nikaikuta Jumapili. Kiini kilichomenywa kisikae siku nyingi, mafuta yanachacha. Menya za leo, za kesho ziache kwenye ganda.

Sasa lile la wazazi, maana naona mama mkunga mstaafu ameshakunja mikono ananingoja.

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza mwaka 1984. Mama mkwe alishuka kutoka mlimani na kikapu: ndizi za mtori, kisusio, ile supu ya damu, na chini kabisa, kwenye kitambaa kilichofungwa mafundo mawili, kweme. Aliziweka kwenye sanduku lake la bati akafunga kufuli, funguo shingoni. Kila jioni anamenya nane, anatwanga, anatia kwenye mtori wangu, anakaa mbele yangu mpaka nimalize. Wifi zangu wadogo walikuwa wanakaa kizingitini wanameza mate. Nilipotaka kumwachia mmoja wao bakuli alambe, mama mkwe alinishika mkono. "Hii ni ya anayenyonyesha." Yule binti alikuwa na miaka tisa, mwembamba, miguu kama fito. Sijamsahau alivyotazama lile bakuli.

Kuhusu maziwa: bibi zetu waliona walichokiona, siwezi kuwabishia nikiwa nimekaa kwenye kiti walichonichongea. Ila mimi si mkunga. Mzazi wa wakati ule alikula mtori, akanywa supu, akala kweme, akalala, hachoti maji wala hakati majani ya ng'ombe, anaogeshwa na kukandwa. Lipi kati ya hayo lilileta maziwa? Mimi nadhani ni yote, na kulala kumeyapita mengine. Mtoto asiponyonya vizuri, au mama akipata homa, au ziwa likivimba, ni kliniki, asingoje kweme ichemke. Mama mkunga, nimefaulu? Ameinua dole gumba. Asante.

Ninachokataa ni kile kitambaa chenye mafundo mawili. Wakati ule kweme zilikuwa chache kwa sababu ulikuwa mwezi mbaya na mkweme mmoja ulianguka na mti wake. Kufungia kulikuwa na sababu. Sasa tumerithi kufuli bila sanduku. Binti wa miaka tisa anayekua, mzee asiye na hamu ya kula, fundi anayebeba matofali kutwa, hawa nao wanahitaji mafuta na protini. Sokoni ni ghali, kweli. Lakini jike moja lililopata mume, likipandishwa kwenye mti mzuri, mimi mwaka jana lilinipa matunda tisa. Nilihesabu kweme 700 na kitu, halafu wajukuu wakaja nikaacha kuhesabu.

Kuna aliyeniuliza pembeni kama kuna biashara. Ipo, lakini miaka miwili ya mwanzo hutauza kitu, kwa hiyo usikope hela ya kikundi kwa ajili ya kweme. Mweka hazina, liandike hilo. Kopa kwa ajili ya kuku, kweme iote huku ukifanya mengine.

Nimalizie na mfuko huu. Humu nina kweme 12, zimetoka kwenye tunda lililopasuka Jumatano, bado zina unyevu. Sitagawa kwa anayenyoosha mkono haraka. Nataka nyumba sita zinazogusana, zile za mstari wa kisima kuanzia kwa Mama Mchungaji mpaka kwa Fundi Cherehani, kila nyumba mbili. Mvua zikianza mfukie, mbegu ilale ubavu, isizame zaidi ya kiungo kimoja cha kidole. Weka bati au miiba juu kwa ajili ya panya. Majirani wenye miti mikubwa, kabla hujamwita mtu wa mbao, njoo tuongee.

Miaka miwili hivi kutoka leo maua yatatoka. Atakayeona mashada mengi, hakuna kaboga nyuma, asiseme amekosa bahati. Anipigie simu. Nitakuja kwa bodaboda nikiwa na daftari, tuandike kwamba dume la mtaa liko kwa fulani, na kila mwenye jike atampelekea huyo fulani kweme 20 kila mavuno. Katibu, hilo nalo liingie kwenye kumbukumbu za kikao, kwa wino.

Haya, nyumba ya kwanza. Mama Mchungaji, njoo na mkono mkavu.